Somo: Kukata kucha za paka na mbwa nyumbani bila vita

Ndugu wanachama, salamu. Wengi wetu hapa Tanga tunafuga paka ndani na mbwa uani, na kwa kucha zao tumezoea njia moja: huyu anambana, yule anakata, mnyama anapiga kelele mpaka majirani wachungulie. Kazi inakwisha siku hiyo, lakini mara nyingine paka akiuona mkasi tu, yuko juu ya bati. Msingi wa somo hili ni mmoja: acha mnyama akiwa bado ametulia, hata kama umekata ukucha mmoja tu.

Mbwa anayezurura kwenye lami na mawe kucha zake hulika zenyewe. Anayeshinda kwenye ua wa mchanga, kama ilivyo nyumba nyingi za Raskazone na Sahare, hazina kinachozisugua. Ukisikia zinagonga marumaru anapotembea, zimeshapita kiasi, zinamsukuma vidole na kumharibia mwendo. Uangalieni sana ule ukucha wa pembeni, wa kidole kilicho juu kidogo ya vingine. Haugusi chini, hivyo hukua ukajikunja, hata ukamchoma mwenyewe.

Ndani ya kila ukucha kuna nyama hai yenye mshipa wa damu na neva. Kwa paka, na kwa mbwa mwenye kucha nyeupe, nyama hiyo huonekana kwenye mwanga kama wekundu hafifu. Kata ncha tu, milimita mbili hivi kabla ya kuufikia. Kwenye ukucha mweusi hauoni kitu, basi kata vipande vyembamba, na kila ukikata tazama pale ulipokata. Mwanzoni pako pakavu. Ukiona kidoa cheusi chenye unyevu katikati, simama hapo hapo.

Vifaa ni vichache. Paka anatosheka hata na kikata kucha cha binadamu, ila kiwe kipya na kikali, na kibaki kuwa chake. Kilicho butu huubana ukucha na kuupasua, na kule kubana ndiko kunakomtia mnyama hofu. Kwa mbwa mkubwa, ulizieni mkasi maalumu kwenye maduka ya dawa za mifugo. Wekeni karibu konflawa kidogo kwenye kisahani, kitambaa safi, na dagaa waliochemshwa bila chumvi, wakavunjwavunjwa.

Hatua ya kwanza ni mguu, wala si chuma. Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo penye kazi yote. Kwa siku kadhaa kikata kucha kisionekane kabisa. Subiri mida ya saa nane mchana, joto limemlaza paka sakafuni. Mguse begani, teremsha mkono taratibu hadi kwenye mguu, ushike kwa kupepesa jicho, uachie, kisha umpe dagaa. Mpangilio huo usiugeuze. Dagaa akitangulia, paka atajifunza kwamba harufu ya dagaa maana yake ni kukamatwa, na utakuwa umeharibu kazi na kitoweo pia. Akivuta mguu, mwachie, usiukimbilie. Safari ijayo ishia juu zaidi. Siku atakapouacha mguu mkononi mwako bila wasiwasi, bonyeza kidole chake polepole, dole gumba juu na cha shahada chini. Ukucha utatokeza wenyewe. Mpe dagaa, muachane.

Hatua ya pili, azoee chombo na sauti yake. Kiache kikata kucha karibu na sahani yake anapokula. Kisha chukua kijiti cha ufagio wa chelewa, ukikate jirani naye, tak, umpe dagaa. Rudia mpaka akisikia ule mlio awe anakutazama mkono akingojea chake.

Hatua ya tatu ni kukata. Mpakate paka akikupa mgongo. Mbwa mkalie ubavuni, usimwinamie kwa juu. Kumnyanyua paka kwa ngozi ya shingo hapana. Kata ncha ya ukucha mmoja, mpe chake, funga kazi. Paka ana kucha tano kila mguu wa mbele na nne kila wa nyuma, jumla 18, na hakuna aliyesema ziishe leo. Akishazoea, paka hukatwa kila wiki mbili au tatu, mbwa kila wiki tatu au nne.

Mkia wa paka ukianza kuchapa, masikio yakalala nyuma, mboni zikatanuka, acha. Mbwa hulamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso. Akinguruma msimkaripie! Amekuonya kwa adabu, na ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila onyo.

Damu ikitoka, tia konflawa, bana kwa kitambaa dakika kadhaa bila kufunuafunua. Usitie chumvi wala spiriti.

MASWALI

Mwanachama wa Makorora: Mwalimu, paka wangu amemaliza kochi. Kung'oa kucha kabisa inafaa?

Jibu: Dada yangu, usithubutu. Kule si kung'oa kucha, ni kukata kifupa cha mwisho cha kila kidole. Paka hukwaruza ili ajinyooshe, aache alama yake, na avue ganda kuukuu la ukucha. Mpe pake pa kukwaruza. Sisi tuko kwenye nchi ya mkonge tangu 1893. Chukua gogo refu lisiloyumba, lizungushie kamba ya katani, liweke karibu na hilo kochi. Kucha utaendelea kukata.

Mwanachama wa Mikanjuni: Mbwa wangu ni wa ulinzi, hashikiki mguu hata na mimi.

Jibu: Kaka, gundisha msasa kwenye ubao, umfundishe kuukwaruza kwa miguu ya mbele, kila akikwaruza apate nyama. Atajisaga kucha mwenyewe bila kushikwa. Za nyuma, mtembeze kwenye lami asubuhi kabla haijapata moto. Kama tayari zinamuumiza, mwite daktari wa mifugo amtulize kwa dawa.

Mwanachama wa Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Paka wetu mzee anachechemea, ukucha umeingia kwenye nyama ya unyayo.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiuvute, mpeleke kwa daktari leo, maana kidonda hicho huoza haraka. Paka wakizeeka huacha kukwaruza, kucha zikawa nene na kujikunja, kwa hiyo akipona mkague kila wiki.

Mwanachama wa Ngamiani: Mtoto ameumwa kidogo wakati tunakata kucha za mbwa. Tufanyeje?

Jibu: Mama, osha jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitali hata kama ni mchubuko, ukaeleze kwamba ni mbwa na kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Mbwa asiuawe wala kuachiwa. Mfungeni aangaliwe na daktari wa mifugo kwa siku kumi.