Somo: kukagua upendeleo wako unapofanya utafiti ndani ya timu

Lubumbashi hii ni vigumu kumpata mtu asiye na timu. Klabu za soka za Mazembe na Lupopo zote zilizaliwa 1939, na mtoto hurithi mojawapo kama anavyorithi jina la babu. Mimi nimelelewa Kamalondo, nyumba ya Mazembe. Baadaye nikafanya utafiti miezi minne katika timu ndogo ya mtaa ambayo karibu vijana wote ni wa Lupopo. Nilidhani ushabiki nimeuacha nyumbani. Nilikuwa nao mfukoni.

Hatua ya 1. Kabla ya siku ya kwanza, jaza ukurasa mmoja: unashabikia nani, unatarajia kukuta nini, nani amekufungulia mlango. Hilo la mwisho lina uzito sana. Ukiletwa na kocha, utaanza kuona kwa macho ya kocha bila kujua.

Hatua ya 2. Piga mstari wa wima katikati ya kila ukurasa wa daftari. Kushoto andika ulichoona na kusikia, kulia ulichofikiri na kuhisi. Nawaomba hapa msiharakishe. Wiki ya pili niliandika upande wa kushoto: "Beki wa kulia mvivu, kachelewa tena." Usiku nikasoma, nikajiuliza uvivu wenyewe niliuona wapi. Nilichoona ni kijana aliyefika saa kumi na dakika ishirini, vumbi mpaka magotini, viatu vya mpira mkononi. "Mvivu" lilikuwa neno la kocha. Kesho yake nikamuuliza kijana mwenyewe. Alikuwa anatoka Ruashi kwa miguu, baada ya kumsaidia mama yake kupanga mifuko ya makaa sokoni. Neno lile nikalihamishia kulia na kuliwekea tarehe. Sikulifuta, kwa sababu lilinionyesha nilikuwa nasikiliza nani.

Hatua ya 3. Kila Jumapili hesabu majina yaliyomo daftarini. Wiki moja kipa alitokea kwangu mara 19. Wachezaji wawili wa akiba na mama anayefua jezi, hata mara moja. Kipa alikuwa mwanafunzi wa chuo kama mimi, tulielewana haraka. Wiki iliyofuata nilikaa benchi tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 4. Mpe mwenzako asiye shabiki kurasa mbili, majina yakiwa yamefichwa, akuonyeshe pale unapohukumu.

Hatua ya 5. Katika ripoti, sema wewe ni nani na ulisimama wapi. Aya moja inatosha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nachunguza timu ninayoichezea mwenyewe miaka sita sasa. Niiache?

Jibu: Usiiache, ndugu yangu. Unajua mambo ambayo mgeni angeyatafuta mwaka mzima. Hatari yako ni kuruka yale uliyoyazoea. Andika kama unamweleza mtu asiyewahi kuingia chumba cha kubadilishia nguo: nani anakaa karibu na mlango, nani anaanzisha sala, nani anapewa jezi ya mwisho.

Swali: Tulipofunga niliruka, nikakumbatiana nao. Nimeharibu utafiti?

Jibu: Hapana, dada. Andika kwamba uliruka. Kisha fungua daftari uone bao la wapinzani uliliandikia mistari mingapi.

Swali: Kocha anataka kusoma daftari langu, na ni mtu mzima, naona haya kumkatalia.

Jibu: Heshima mpe, daftari usimpe. Kijana aliyekuambia goti linamuuma anaweza kupoteza namba yake kwa mstari mmoja. Mwambie, "Papa, haya ni maneno ya watoto wako, walinipa kwa siri, nikimaliza nitakuletea ripoti isiyo na majina." Na umwambie mbele ya wachezaji wote, mapema. Mimi nilichelewa, na kwa wiki nzima vijana walikuwa wakinyamaza kila nilipotoa kalamu.