Maji ya akwariamu mpya yamekuwa meupe na yananuka? Usimwage kwanza

Tanki ni jipya, samaki wana siku tatu nne humo, na maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, halafu ukifunua mfuniko kuna kaharufu. Wengi hapo wanakimbilia kumwaga maji yote, wanasugua mawe kwa sabuni, wanajaza tena kutoka bombani, na wiki haiishi yamerudi vilevile, saa nyingine na samaki wawili chali. Usimwage.

Tuelewane kwanza ni weupe gani. Chota maji kwenye glasi safi, uiweke mbele ya karatasi nyeupe. Kama yalikuwa na ukungu tangu saa ile ulipojaza, na ukiiacha glasi vumbi linatulia chini, huo ni mchanga haukuoshwa vizuri, hasa huu wa ujenzi unaochimbwa Lwera huku Uganda, unaoshwa kwenye beseni tena na tena mpaka uone chini ya beseni. Kama ni ya kijani ni mwani, tanki limekaa dirishani, lisogeze na upunguze taa. Rangi ya chai na umeweka kipande cha mti ndani? Ni rangi ya mti tu, achana nayo. Ila kama siku ya kwanza yalikuwa safi kabisa halafu yakaanza kupauka, hao ni bakteria.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Samaki anatoa amonia, sehemu kubwa kwa matamvua yake, na chakula kisicholiwa kikioza kinatoa amonia vilevile. Kwenye tanki la zamani kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kidogo na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei, wanashikilia kwenye sponji ya filta, mchanga na mawe, na wanazaliana polepole, hesabu wiki nne mpaka sita. Wale weupe unaowaona ni wengine, wanakula mabaki, wanajaa haraka na chakula kikiisha wanapungua wenyewe. Yaani unachokiona sicho kinachoua. Amonia haina rangi, maji yanaweza kung'aa kabisa na samaki wanakufa humo humo. Kwa hiyo ukimwaga yote na kuosha kila kitu kwa sabuni umefukuza wale wazuri waliokuwa wameanza kushika, unarudi mwanzo.

Harufu nayo ina maana. Tanki lenye afya lina harufu ya udongo uliolowa mvua, hiyo ni kawaida. Harufu ya yai bovu au ya kuoza ina chanzo chake, kitafute: hesabu samaki, angalia nyuma ya mawe na ndani ya filta, mara nyingi kuna aliyekufa amejificha, au chakula kimerundikana pembeni. Na kuhusu chakula, watu wanamwaga unga wa mukene (dagaa) kiganja kizima, mkate, mabaki ya posho (ugali), eti samaki wana njaa. Samaki ataomba tu hata akiwa ameshiba. Mpe anachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, na kwa sasa acha kabisa siku mbili, samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa hilo.

Halafu badilisha robo ya maji, siyo zaidi ya theluthi. Tanki la lita 40 ni jerikeni mbili, kwa hiyo unatoa nusu jerikeni. Tumia mpira, uvute kutoka chini mchangani kwenye uchafu, usichote juu. Maji ya kurudisha usiyatoe bombani moja kwa moja, ya mjini yana klorini, inaunguza matamvua na kuua bakteria unaowalea. Yaweke kwenye ndoo wazi masaa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini kama duka la samaki linayo. Yawe na joto linalokaribiana na la tanki. Samaki wakiwa wanahema juu juu au matamvua yamekuwa mekundu, usingoje, rudia kesho yake na ongeza pampu ya hewa. Ukipata vipimo, amonia na nitriti zinatakiwa kusoma sifuri, hapo ndipo tanki limekomaa.

Sponji ya filta ikijaa uchafu isuuze kwenye maji uliyoyatoa tankini, isuuze kidogo tu, usiipeleke bombani na usiibadilishe kwa sababu imekuwa ya kahawia. Ukahawia huo ndio mali. Kama una rafiki mwenye tanki la zamani na samaki wake hawaumwi, muombe kipande cha sponji yake, kibebe kikiwa kimelowa ukiweke kwenye filta yako siku hiyo hiyo, kinafupisha wiki kadhaa. Dawa za kusafisha maji zinaweza kuyang'arisha kwa macho tu, shabu inashusha pH, yaani inayafanya maji yawe na asidi zaidi, na Jik, ile ya klorini ya kung'arisha nguo, tafadhali, hata usiifikirie.

Umeme ukikatika ndio mtego wetu huku. Filta ikisimama masaa mengi, bakteria ndani ya sponji wanakosa oksijeni, wanakufa, na maji yaliyobaki humo yanaoza. Umeme ukirudi usiwashe tu, utamwaga uozo wote tankini. Ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tanki, ndio uwashe. Umeme ukiwa haupo, chota maji kwa kikombe umimine kutoka juu mara kwa mara, au nunua pampu ndogo ya betri.

Na usiongeze samaki wakati maji ni meupe, hata kama muuzaji anakwambia watazoea. Ngege (tilapia) wadogo wa bwawani wanapendeza siku ya kwanza lakini wanakua haraka, na uchafu wao tanki dogo halimudu. Goldfish hivyo hivyo, mmoja tu kwenye lita 40 tayari ni mzigo. Anza na samaki wadogo wawili watatu, vipimo vikisoma sifuri kwa wiki nzima, ongeza wawili, kisha subiri tena.