Kabla ya Kupanda Ndege na Baiskeli: Mambo ya Kuzingatia

Ugomvi mwingi unaotokea kwenye kaunta ya mizigo huwa umeanza siku tiketi iliponunuliwa. Msafiri hutafuta nauli nafuu, hulipa, kisha siku chache kabla ya safari ndipo hukumbuka kuuliza kama baiskeli itaingia. Ni heri kugeuza mpangilio: baiskeli ndiyo ikuchagulie ndege, nauli ije baadaye.

Mzigo wa kukabidhi hupimwa kwa namna mbili. Kuna uzito, ambao kwa daraja la kawaida mara nyingi hukomea kilo 23 kwa mzigo mmoja. Halafu kuna ukubwa, yaani urefu, upana na kimo vikijumlishwa, ambao kwa mashirika mengi haupaswi kuzidi sentimita 158. Sasa chukua boksi la baiskeli lenye urefu wa sentimita 140, kimo cha 80 na upana wa 25: jumla yake ni 245. Kwa kipimo hicho karibu kila baiskeli ya watu wazima ni mzigo uliopitiliza hata kabla haijapandishwa kwenye mizani. Kwa hiyo unaposoma masharti, kaa macho uone shirika linaifanyia nini ziada hiyo.

Yapo mashirika yanayoisamehe, na baiskeli isiyozidi kilo 23 huhesabiwa kama begi lingine lolote. Ndivyo American na Delta ya Marekani yalivyofanya mwaka 2019, yalipofuta ada nzito iliyokuwa ikitozwa kwa baiskeli. Mengine hutoza ada moja ya vifaa vya michezo, uwe na nafasi ya begi kwenye tiketi au usiwe nayo. Kundi la kuogopa ni la tatu, lile lisilo na kipengele chochote kuhusu baiskeli. Hapo unaweza kutozwa mzigo wa ziada, juu yake ukubwa, na juu yake tena uzito, ada tatu kwa boksi moja. Nauli iliyoonekana ya bei poa hugeuka kuwa ghali kuliko zote ulizozikataa.

Kilo 32 nazo uziweke akilini. Mashirika mengi hayapokei mzigo mmoja unaozidi hapo hata ukiwa tayari kulipa, kwa sababu kuna mtu atakayeunyanyua kwa mikono na mgongo wake unalindwa na kanuni za kazi. Ukivuka kilo hizo unaelekezwa kwenye idara ya shehena, ambayo ina taratibu na ratiba zake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni aina ya ndege. Safari yenye vipande vitatu inaweza kuwa na ndege mbili kubwa na moja ndogo ya mapanga, na hiyo ndogo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mlango wa sehemu yake ya mizigo ni mdogo, nafasi ni finyu, na baiskeli mbili za abiria wengine zinaweza kuwa zimeshaimaliza. Ndiyo maana mashirika hutaka baiskeli iandikishwe mapema, mengine saa 24 kabla, mengine siku kadhaa. Yapo pia yanayosimamisha kabisa kupokea baiskeli kwenye njia fulani wakati wa msimu wa abiria wengi. Tazama aina ya ndege kwenye kila kipande cha ratiba, na uanze maswali yako na ile iliyo ndogo kuliko zote.

Angalia pia ni nani hasa atakayerusha hiyo ndege. Tiketi inaweza kuwa na namba ya shirika moja huku ndege na wafanyakazi ni wa shirika lingine, kwa makubaliano yao ya ubia. Wanapokuwa wawili, usikisie masharti ya nani yatafuatwa. Uliza kabla ya kulipa. Kama umenunua tiketi mbili zisizounganishwa, habari ni ngumu zaidi: shirika la pili halijui lolote kuhusu malipo uliyofanya kwa la kwanza. Utalichukua boksi lako katikati ya safari, ulikabidhi upya, ulipe upya, na pengine upite uhamiaji na forodha kwanza. Mapumziko ya saa moja na nusu hayatoshi.

Ukishaandikisha, taka uthibitisho wa maandishi. Maneno ya simu hayana uzito mbele ya mfanyakazi wa kaunta ambaye hajawahi kupokea baiskeli. Chapisha ukurasa wa masharti, ubaki na tarehe uliyouchapisha, na uambatanishe barua pepe inayoonyesha kuwa baiskeli imo kwenye tiketi yako. Karatasi mkononi humaliza mabishano ambayo simu isiyo na chaji haiwezi kuyamaliza.

Kuhusu kifungashio, chaguo hutegemea unarudi vipi. Sanduku gumu hulinda vizuri zaidi na linafaa kwa anayekwenda mashindanoni na kurudi kupitia uwanja uleule. Lakini lenyewe tu linaweza kufikia kilo 10 au zaidi, na ukiongeza baiskeli ya kilo 12 umeshakaribia kabisa mpaka wa 23 bila kuweka hata kofia. Begi laini lenye sponji ni jepesi na hukunjwa. Kwa anayetua mji mmoja na kuondokea mwingine baada ya kuendesha kati yake, boksi la kadibodi halina mpinzani: maduka ya baiskeli hupokea baiskeli mpya ndani ya maboksi hayo na mengi hutaka tu kuyatoa njiani. Ukifika unalitupa, na siku ya kurudi unatafuta jingine. Piga simu dukani siku kadhaa kabla, maana maboksi hutupwa haraka. Adui wa kadibodi ni mvua. Weka utepe wa gundi wa kutosha chini na kwenye matundu ya kushikia.

Kuna njia nyingine ya kukwepa ugomvi wote wa ukubwa. Baiskeli zinazokatika fremu katikati, kama zile za Ritchey Break-Away au zenye viunganishi vya S&S, zimebuniwa ziingie kwenye sanduku la inchi 26 kwa 26 kwa 10, yaani inchi 62, ambazo ni hizo sentimita 158. Baadhi ya baiskeli za kukunja zenye magurudumu madogo nazo huingia kwenye sanduku la kawaida. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka gharama hiyo haina maana. Kwa anayeruka kila mwezi, ada pekee zinaweza kuirudisha.

Kufungua baiskeli ndiko kunakotaka utulivu, na kusifanywe usiku wa kuamkia safari. Anza na pedali. Ile ya kushoto ina nyuzi zinazokwenda kinyume, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa; wanaosahau hili huishia kuikaza zaidi huku wakiilaani spana. Kabla ya kushusha nguzo ya kiti, bandika utepe mahali inapoingilia fremu ili urefu wako usipotee. Usukani ufungue, uulaze kando ya fremu, na uangalie nyaya zisipindwe kwa kona kali.

Kifaa kinachovunjika zaidi ni kibadilisha gia cha nyuma, kwa kuwa kimejitokeza nje na boksi huweza kulazwa upande huohuo. Kifungue, kiache kikining'inia kwenye mnyororo, kizungushie kitambaa, kisha kifunge upande wa ndani wa fremu. Kishikizo chake, kile kipande cha alumini kinachokiunganisha na fremu, kimetengenezwa makusudi kiwe laini ili kipinde chenyewe badala ya fremu. Nunua cha akiba kabla hujaondoka. Vishikizo hivi hutofautiana kati ya modeli na modeli, na duka la ugenini linaweza kuwa na baiskeli mia bila kuwa na kile chako.

Magurudumu yakitoka, foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, na sehemu ya nyuma ya fremu hubaki wazi na zinaweza kubonyea kitu kikizikandamiza. Weka kipande cha plastiki au ekseli ya bandia katikati yake. Maduka hupata vipande hivyo bure kutoka kwenye baiskeli mpya. Breki za diski za mafuta zina mtego wake: ukiugusa mkono wa breki diski ikiwa haipo katikati, pistoni husogea na pedi hushikana, na kuzitenganisha ukiwa njiani ni kazi ya kuchosha. Chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi. Diski zenyewe, kama una kifaa chake, zitoe na uziweke kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, kwa sababu diski iliyopinda kidogo tu italia safari nzima.

Halafu matairi. Mashirika mengi yanataka yapunguzwe upepo, yakihofia kupasuka angani. Kwa kweli sehemu ya mizigo kwenye ndege za abiria hujazwa hewa kama ilivyo kwa abiria, na tofauti ya mgandamizo na ile ya ardhini haifiki hata psi 4 (pauni kwa inchi ya mraba). Tairi lenye psi 80 halitaihisi. Lakini kaunta si mahali pa kufundisha fizikia. Punguza, ila usiyaache matupu kabisa: upepo kidogo hulinda rimu, na matairi yasiyo na tyubu yakiisha hewa huweza kuachia kingo na kumwaga umajimaji wa kuziba ndani ya boksi.

Betri hazina mjadala wa namna hiyo. Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa, ambazo hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa. Hadi wati-saa 100 hakuna shida. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Zaidi ya 160 haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, si chini wala juu. Betri ya baiskeli ya umeme yenye volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504, kwa hiyo haiendi. Mwenye baiskeli ya aina hiyo apange kukodi betri anakokwenda au akodi baiskeli nzima. Betri ndogo za kubadilishia gia kwa umeme hazifikii hata sehemu ya kumi ya mpaka huo, lakini zikishatolewa kwenye baiskeli huhesabiwa kuwa za akiba, na betri za akiba hukaa nawe ndani ya ndege pamoja na benki ya umeme ya simu. Hata kama zinabaki mahali pake, zichomoe ili mota isijiwashe gizani.

Vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi (CO2) vya kujazia tairi: kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi vinne vyenye ujazo usiozidi mililita 50 kila kimoja, kwa idhini ya shirika. Idhini hiyo mara nyingi ni usumbufu kuliko faida yake. Beba pampu ya mkono. Makopo ya kupuliza ya kusafishia mnyororo yaache, kwa kuwa mengi hushika moto. Spana na funguo za Allen ziweke kwenye boksi, si kwenye mkoba wa mkononi, kwani kipimo cha kifaa kinachoruhusiwa kuingia nacho hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Wakaguzi wa usalama watalifungua boksi, hilo lichukulie kama hakika. Kila kitu kidogo kiwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu, kisidondoke. Picha ya jinsi vitu vilivyopangwa, iliyobandikwa ndani ya mfuniko, humsaidia mkaguzi kurudisha. Beba utepe wa gundi mkononi, na ufike mapema kuliko kawaida: mzigo mkubwa hupelekwa dirisha lake, ambalo huenda halina mtu mpaka aitwe.

Kabla ya kufunga, piga picha fremu, magurudumu na namba ya fremu. Picha hizo ndizo zitakazozungumza ukifika ukute ufa. Mkataba wa Montreal wa 1999 unaweka kikomo cha fidia ya mizigo kwa abiria mmoja, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, yaani kwa ile sarafu ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Baiskeli nyingi za mashindano zinapita thamani hiyo. Mkataba unakuruhusu kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia ziada ikitakiwa. Vinginevyo tafuta bima, na usome kama inalinda baiskeli ikiwa safarini au inapoibiwa tu. Ukiombwa kusaini kibandiko cha kukubali hatari, jua kwamba Kifungu cha 26 kinabatilisha sharti lolote la kuliondolea shirika wajibu wake, ingawa uharibifu unaotokana na ubovu wa mzigo wenyewe haulipwi. Ufungaji wako mbaya utaingizwa humo haraka sana.

Ukitua, baiskeli mara nyingi haitoki kwenye mkanda wa mabegi. Ulizia mlango wa mizigo mikubwa. Lifungue boksi ukiwa bado ndani ya ukumbi. Ukiona uharibifu, nenda kwenye dawati la mizigo ukaandikishe ripoti, ile inayoitwa PIR, kisha tuma malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea mzigo. Kwa mzigo uliochelewa ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kwa wanaokwenda Australia au New Zealand, osha matairi na fremu hadi udongo wote utoke na utangaze kuwa umebeba baiskeli iliyotumika, kwa sababu maofisa wa huko hutafuta mbegu na tope, na baiskeli chafu huzuiwa mpaka isafishwe.