Kuchagua, Kufufua na Kuendesha Pikipiki ya Zamani Katika Vumbi la Dodoma

Pikipiki ya zamani inaendelea kupendwa kwa sababu mwenye nayo anaweza kuifungua, kuielewa na kuirudisha barabarani kwa spana chache na subira. Mitaa ya Dodoma imejaa bodaboda mpya, na hakuna anayekataa kwamba zinafanya kazi. Hata hivyo bado wapo watu wanaozunguka Majengo, Chang'ombe na Kizota wakiulizia Honda CG125, Honda XL125 au Yamaha DT175, na wakiipata hawaiuzi tena. Mimi ni mmoja wao. Ninachoeleza hapa ni namna ya kuipata pikipiki ya aina hiyo bila kutapeliwa, kuifufua bila kuiharibu, na kuitumia katika nchi hii ya jua kali, mchanga na upepo.

Anza na spea kabla ya kuanza na uzuri. Kwa anayenunua ya kwanza, ushauri wangu ni CG125, na sababu yake iko ndani ya injini. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu watakaoibebesha mizigo na kuihudumia kwa nadra, kwa hiyo badala ya kuweka cheni ya taimingi inayopanda hadi juu ya silinda, waliweka kemu (mhimili wenye nundu) chini, ikazungushwa kwa gia, nayo ikasukuma valvu, yaani vilango vya kuingiza mafuta na kutoa moshi, kwa fito mbili. Hakuna cheni ya kulegea wala kirekebishaji cha kuchakaa. Muundo huohuo ulinakiliwa na viwanda vingi vya China, na ndiyo maana leo ukiingia karibu duka lolote la spea mjini utapata ringi, gasketi, sahani za klachi na kebo zinazoikaribia au kuiingia moja kwa moja. Beba kifaa cha zamani mkononi ukilinganishe na kipya kaunta pale pale, kwa maana vya kunakili vinafanana kwa macho lakini hutofautiana kwa milimita.

DT175 ni habari nyingine. Injini yake ni ya mipigo miwili, nyepesi, yenye nguvu ya ghafla ambayo aliyeionja haisahau, na kwenye makorongo ya mchanga inapita mahali ambapo pikipiki nzito hukwama. Lakini oili yake hukaa kwenye tanki dogo la pembeni na huvutwa na pampu kuingia kwenye injini pamoja na mafuta. Pampu ikikwama au tanki hilo likikauka, pistoni hushika ukutani na injini inanoki. Ukiinunua, hakikisha kwanza kwamba pampu inafanya kazi, kisha ujenge mazoea ya kutazama kiwango cha oili kila unapojaza petroli.

Siku ya kwenda kuiona, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa silinda, ikiwa ya moto, huenda amefanya hivyo ili kuficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Ikiwa imezimwa, bonyeza kiki polepole kwa mkono: lazima ukutane na ukinzani wa mgandamizo, na ikishuka laini mwanzo hadi mwisho, ringi au valvu zimechoka. Ikiwaka, simama nyuma utazame moshi. Kwa CG au XL, moshi wa bluu unaoendelea baada ya injini kupata moto ni oili inayoungua, na maana yake ni kazi ya kukereza silinda na kuweka pistoni ya saizi kubwa zaidi. Si mwisho wa dunia, ila bei ishuke. Kwa DT, moshi kidogo ni kawaida yake. Kisha ipandishe kwenye stendi kubwa, ushike gurudumu la mbele na kulitikisa mbele na nyuma ili kusikiliza beringi za shingo, na umalizie kwa kupitisha kidole kwenye fremu chini ya shingo na karibu na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, mahali ambapo kuchomelewa hufichwa kwa rangi mpya.

Karatasi zisikupite. Pikipiki nyingi za umri huu zilianzia kwenye idara za serikali, miradi au taasisi za dini, zikauzwa kwa mnada, halafu zikapita mikononi mwa watu bila yeyote kubadilisha jina. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na namba ya injini, uzilinganishe na kadi halisi herufi kwa herufi. Usilipe pesa yote kabla mauziano hayajaandikwa na kabla hujajiridhisha kwamba uhamisho wa umiliki unawezekana TRA, yaani mamlaka ya mapato, ambako wewe na muuzaji mtatakiwa kuwa na namba za mlipakodi. Pikipiki nzuri isiyo na kadi ni spea tu, na ilipwe bei ya spea.

Ukishaifikisha nyumbani, usikimbilie kuipiga rangi. Kazi ya kwanza ni tanki la mafuta, kwa kuwa pikipiki iliyolala miaka mingi huwa na kutu ndani, na kutu hiyo ikishuka kwenye kabureta utaisafisha kila wiki bila kupona. Mwaga petroli yote mahali penye hewa, mbali na moto, ufungue koki, uzibe tundu lake, kisha ujaze siki na kuiacha kwa siku moja au mbili. Tia nati chache ndogo, utikise kwa nguvu, uzitoe na kuzihesabu, usuuze kwa maji mengi na kulikausha mara moja kwa upepo wa kompresa kabla kutu mpya haijaanza. Tundu lolote lisichomelewe mpaka fundi amehakikisha kwamba hakuna mvuke wa petroli uliobaki ndani, kwa sababu tanki tupu lenye mvuke hulipuka.

Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe. Ndani yake mna jeti mbili za shaba zenye matundu membamba, na kosa linalofanywa na mafundi wengi wa haraka ni kuzichokonoa kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka, mafuta huingia kupita kiasi na hakuna skrubu itakayolirekebisha. Tumia petroli safi na upepo, kisha inua jeti kuelekea jua: duara la mwanga linaloonekana ndani yake lazima liwe kamili, bila utando wala jino.

Baada ya hapo badilisha oili, uweke plagi mpya na upime valvu injini ikiwa baridi kabisa. Kwa CG125, zungusha magneto, yaani gurudumu la sumaku la pembeni ya injini, hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava huku valvu zote mbili zikiwa zimelegea, halafu weka nafasi ya milimita 0.08 kwa kila moja. Za zamani zaidi zinatumia pointi, yaani vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche; zisugue kwa msasa laini sana, uzifute, na uziweke kwenye nafasi ya kati ya milimita 0.3 na 0.4. Endesha umbali wa kutosha, zima, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia nyepesi inaonyesha mchanganyiko sahihi. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi au filta iliyoziba. Weupe wa chokaa unaonyesha petroli kidogo, na hali hiyo usiiendekeze, maana pistoni inaungua.

Dodoma adui mkubwa ni vumbi. Filta ya sponji ioshwe kwa mafuta ya taa, ikamuliwe bila kusokotwa, ilowekwe kwenye oili safi na kukamuliwa tena, na wakati wa kiangazi kazi hiyo ifanyike mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema. Cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma isiyo na kava, kama ya DT au XL, hukusanya mchanga unaochanganyika na oili na kuisaga. Isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa kabla ya kupakwa oili upya. CG nyingi zilitoka na kava linalofunika cheni nzima, nalo watu hulitupa wakidhani linaharibu sura. Lirudishe.

Kuhusu kuendesha, kumbuka kwamba breki za ngoma hupoteza nguvu zikipata moto au maji, na kwamba taa za volti 6 hazifai kwa safari ya usiku. Vaa kofia ngumu, safiri mchana, na uache nafasi kubwa zaidi ya ile anayoiacha mwenye pikipiki mpya. Lami ya kwenda Kondoa ni safari nzuri ya kwanza ya masafa, ukienda kwa mwendo ambao injini haipigi kelele ya kulalamika. Ukikutana na mchanga, sogea nyuma kidogo, legeza mikono, tumia gia ya chini na usikate mafuta ghafla, kwa sababu gurudumu la mbele huzama pale unapoogopa na kuachia. Ukifika, subiri injini ipoe, pima oili, kisha ukaze boliti za injini, za bomba la moshi na za keria moja baada ya nyingine, kwa kuwa mtetemo wa silinda moja hulegeza hata zile ulizozikaza vizuri asubuhi.