Namna ya kutunga mtihani wa Kiingereza wa kuchuja walimu: msamiati na ufahamu

Shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza ikitangaza nafasi tatu za ualimu, hupokea bahasha nyingi za vyeti. Alama ya Kiingereza iliyo kwenye cheti cha kidato cha nne haisemi kama mwombaji anaweza kusoma kiongozi cha mwalimu leo jioni na kukifundisha kesho asubuhi, na hicho ndicho mtihani wa kuchuja unachotakiwa kupima. Mitihani mingi inayotungwa shuleni hupima mambo mengine kabisa: maneno adimu ya kamusi, au ujanja wa kunakili sentensi kutoka kwenye kifungu.

Dakika 90 zinatosha. Tenga 5 za maelekezo, 20 za msamiati (maswali 30, alama 30), 45 za ufahamu (vifungu viwili, maswali 20, alama 40) na 20 za kujaza mapengo (mapengo 30, alama 30). Waombaji wa hisabati na sayansi wafanye mtihani uleule, kwa kuwa katika shule hizi nao hufundisha kwa Kiingereza.

Anza na orodha ya maneno, maswali yaje baadaye. Gawa maneno 30 katika mafungu matatu ya kumi kumi. La kwanza ni maneno ya kawaida ya kila siku. La pili ni maneno ya darasani: fungua vitabu vya darasa la nne hadi la saba na uorodheshe vitenzi vinavyoamuru, kama "underline", "label", "estimate", "shade". La tatu ni maneno ya kitaaluma yanayojitokeza katika masomo yote, kama "require", "consist" na "sufficient". Kwa fungu hili tumia orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, yaani kila neno pamoja na maumbo yake. Mwalimu asiyejua "sufficient" atakwama katika sayansi, jiografia na hata waraka wa ofisini. Asiyejua "loquacious" hatakwama popote, kwa hiyo neno la aina hiyo halina kazi kwenye karatasi yako.

Kwa nusu ya maswali tumia mtindo wa kuoanisha uliobuniwa na Paul Nation mwaka 1983: maneno sita, maana tatu. Mfano:

1 estimate   2 label   3 compare   4 shade   5 measure   6 arrange
___ say about how many, without counting
___ put things in order
___ fill part of a drawing with pencil

Maneno yote sita ni vitenzi. Ukichanganya nomino na vitenzi, mtahiniwa ataoanisha kwa sarufi bila kujua maana. Kila maana iandikwe kwa maneno mepesi kuliko neno linalopimwa. Watungaji wengi huteleza hapo: wananakili maana kutoka kwenye kamusi kubwa, na mtahiniwa anakosa kwa sababu ya maana yenyewe ilhali neno analijua.

Nusu ya pili iwe sentensi zenye pengo na machaguo matatu. Matatu yanatosha. Chaguo la nne mara nyingi huwa la kujaza nafasi tu, halimvuti mtu yeyote. Vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, vitoke kwenye makosa ambayo Mswahili huyafanya kweli: "borrow" na "lend", ambayo sisi huyasema yote mawili kwa kuazima, "hand" na "arm", ambayo kwetu ni mkono, "remember" na "remind". Mfano:

Please ______ me to collect the exercise books.
A. remember   B. remind   C. recall

Mwalimu atakayechagua A atawaambia watoto hivyohivyo kila siku, nao watalishika kosa lake.

Ufahamu ndio sehemu nzito, na ndiyo inayoharibika kirahisi zaidi. Chagua vifungu vya maneno 400 hadi 450. Kimoja kitoke kwenye maandishi ya kazi, kama maelezo ya namna ya kufundisha mada fulani, na kingine kiwe makala ya kawaida ya maarifa. Epuka hadithi zinazojulikana na mada ambazo kila mtu ana majibu yake kabla ya kusoma. Maswali juu ya malaria au usafi wa mikono hujibiwa kwa elimu ya zahanati, kifungu kikabaki hakijaguswa.

Chukua sentensi mbili hizi:

Pupils who finish early should not be given more of the same sums. Unless they are asked to explain their method to a partner, the extra time teaches them only to be quick.

Swali baya ni hili: "Who should not be given more of the same sums?" Ili uone ubaya wake, badilisha sentensi ya kwanza iwe na maneno ya kubuni: "The plindles who grak early should not be given more dofs." Ukiulizwa "Who should not be given more dofs?" utajibu "the plindles who grak early" na kupata alama zote, wala hujui plindle ni nini. Swali la namna hiyo linapima macho tu.

Swali lenye kazi liko hivi:

According to the writer, the extra time is useful when early finishers
A. practise similar sums until they are faster.
B. tell another pupil how they got the answer.
C. help the teacher to mark slower pupils' work.

Jibu ni B, na halipatikani bila kuelewa "unless". Tena "explain their method" haikurudiwa, imegeuzwa kuwa "tell another pupil how they got the answer". Kipotoshi A kimebeba "sums" na wazo la kasi, kwa hiyo kitamvuta msomaji anayekamata maneno badala ya maana. Machaguo yote matatu yana urefu unaokaribiana. Jibu sahihi likiwa refu kuliko mengine, mtahiniwa mzoefu huliona hata kabla ya kusoma.

Katika maswali kumi ya kila kifungu, mawili yawe ya taarifa iliyotajwa wazi, mawili ya maana ya neno lilivyotumika pale, mawili ya kiwakilishi kama "this" au "they" kinarejelea nini, matatu ya kung'amua jambo lisilotajwa, na moja la lengo la mwandishi. Kisha wape wenzako wanne maswali bila kifungu. Kwa machaguo matatu, kubahatisha humpa mtu kama matatu kwa kumi. Swali ambalo watatu kati ya wanne wamelipata bila kusoma, liondoe.

Mtindo wa kujaza mapengo uliletwa na Wilson Taylor mwaka 1953. Tafuta kifungu cha maneno 240 hivi, acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la saba hadi yafike mapengo 30. Usichague mwenyewe neno la kufuta, maana ukichagua utajikuta unafuta vihusishi tu. Andaa mapema majibu yanayokubalika: katika "The bell rang, but nobody ___ the room", "left" na "entered" yote yapewe alama kama sentensi zinazofuata hazikatai mojawapo. "Came" haipewi, inahitaji "into". Kosa dogo la tahajia usilikate hapa, lakini liandike pembeni, maana mtu huyu ataandika ubaoni.

Kabla ya kuutumia, wape walimu 15 hadi 20 walioko kazini. Tuseme ni 18: wapange kwa alama, chukua sita wa juu na sita wa chini. Swali walilolipata watano wa juu na wawili wa chini lina tofauti ya 3 kati ya 6, yaani 0.5, ni zuri sana kwa kuwatenganisha wanaojua na wasiojua. Wa chini wakiwashinda wa juu, angalia kwanza ufunguo wa majibu. Mara nyingi herufi iliandikwa vibaya au kuna majibu mawili sahihi. Kwa watu wachache hivi namba ni dalili tu, si hukumu.

Alama ya kufaulu isiwe 50 kwa mazoea. Tumia utaratibu uliopewa jina la William Angoff. Walimu wazoefu wanne wapitie kila swali, kila mmoja aseme peke yake: katika walimu kumi wanaofikia kwa shida kiwango cha chini cha kufaa, wangapi wangelipata swali hilo? Wakisema 8, 7, 5 na 8, wastani ni 7, sawa na 0.7. Aliyesema 5 aeleze sababu, huenda ameona kasoro ambayo wengine hawakuiona. Jumlisha wastani wa maswali yote 20 ya ufahamu. Ikitoka 13, alama ya chini ni 26 kati ya 40, kwa kuwa kila swali lina alama mbili. Ufahamu uwe na kima chake, usifidiwe na msamiati. Aliyekosa kwa alama mbili au tatu aitwe kwenye somo la majaribio badala ya kukataliwa, kwani pengo dogo namna hiyo linaweza kuwa la bahati.

Siku ya mtihani simu zikusanywe mlangoni, maana programu ya tafsiri inamaliza sehemu ya msamiati kwa dakika moja. Mtihani wa kutumiwa nyumbani kwa barua pepe hauna thamani yoyote siku hizi. Waombaji wakija kwa siku tofauti, andaa karatasi mbili zenye vifungu tofauti. Msimamizi asifafanue neno lolote, hata akiombwa kwa heshima. Karatasi ziandikwe namba badala ya majina, zihesabiwe kabla na baada, na karatasi hata moja isiporudi, maswali yake yahesabiwe kuwa yamevuja: yatungwe upya kabla ya usaili unaofuata.