Kupanga pini za Raspberry Pi 4 kwa ajili ya vipimo vya ghala la kahawa

Mwongozo huu unamlenga fundi anayetaka kufunga Raspberry Pi 4 ndani ya ghala la kahawa, mfano wa yale yaliyo kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Mbale, ili kompyuta hiyo ndogo isome joto la ndani ya magunia na unyevu wa hewa, kisha iandike kila kipimo pamoja na saa sahihi hata baada ya umeme kukatika. Vifaa vinavyohitajika ni kihisi cha BME280 kwa unyevu wa hewa, vihisi viwili au vitatu vya joto vya DS18B20 vyenye ganda la chuma na waya mrefu, moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake, rezista moja ya kilo-omu 4.7, na multimita. Moduli ya saa si pambo: Raspberry Pi 4 haina saa inayoendelea kutembea ikikosa umeme, na mahali ambapo mtandao nao hupotea pamoja na umeme, vipimo vitaandikwa kwa tarehe isiyo ya kweli.

Hatua ya 1: Gawa pini kwenye karatasi

Bodi ina pini 40, na nyingi kati yake zinaweza kufanya kazi zaidi ya moja, lakini kila pini hufanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mgawanyo huandikwa kabla ya waya wowote kushikwa. BME280 na DS3231 zote huzungumza kwa njia ya mawasiliano ya nyaya mbili iitwayo I2C, ambayo hutumia GPIO2 kwa data na GPIO3 kwa mapigo ya saa (GPIO ni pini za kuingiza na kutoa ishara). Vifaa hivyo viwili vitatumia nyaya hizo hizo bila kugombana, kwa sababu kila kimoja kina anwani yake. DS18B20 hutumia njia ya waya mmoja iitwayo 1-Wire, ambayo kwa kawaida hupewa GPIO4.

Kuna namba za aina mbili, nazo ndizo chanzo cha makosa mengi. Namba ya GPIO ni jina ambalo programu hulitumia, ilhali namba ya pini ni nafasi yake kwenye bodi ukihesabu kutoka kona. GPIO2, GPIO3 na GPIO4 ziko kwenye pini ya 3, ya 5 na ya 7. Lakini GPIO17 iko kwenye pini ya 11, na pini ya 17 yenyewe ni umeme wa volti 3.3. Andika namba zote mbili katika karatasi yako.

Hatua ya 2: Unganisha nyaya bodi ikiwa imezimwa

Pini za GPIO huvumilia volti 3.3 tu. Ukiingiza volti 5 kwenye pini mojawapo, unaweza kuiua pini hiyo au bodi nzima, na hakuna mpangilio wa programu utakaoirudisha.

Hapa moduli ya saa inahitaji uangalifu wa pekee. Moduli nyingi za DS3231 zina rezista zinazovuta nyaya za data kuelekea umeme unaoilisha moduli yenyewe. Ukiilisha kwa volti 5, kwa sababu muuzaji amekwambia inakubali volti 5, rezista hizo zitazipandisha GPIO2 na GPIO3 kupita kiwango chake. Ilishe kwa volti 3.3 kutoka pini ya 1, na ardhi uichukue kwenye pini ya 6. BME280 nayo ilishwe vivyo hivyo.

Vihisi vya DS18B20 huunganishwa sambamba: umeme kwa volti 3.3, ardhi kwa ardhi, na nyaya zote za data kwenye GPIO4. Rezista ya kilo-omu 4.7 hukaa kati ya waya wa data na volti 3.3, na moja inatosha kwa vihisi vyote hivi. Magunia yaachie DS18B20, kwa maana I2C ilibuniwa kwa ajili ya vifaa vilivyo karibu, na nyaya zake zikizidi takriban mita moja mawasiliano huanza kuyumba.

Kabla ya kuwasha, pima kwa multimita kuhakikisha kwamba volti 3.3 na ardhi hazijagusana.

Hatua ya 3: Washa njia katika mfumo

Kwa I2C napendelea amri hii kuliko kuhariri faili kwa mkono, kwa kuwa huandika mstari unaohitajika na pia hupakia kiendeshi cha i2c-dev, ambacho anayehariri mwenyewe hukisahau:

sudo raspi-config nonint do_i2c 0

Sifuri hapo maana yake ni kuwasha. Kisha fungua faili la /boot/firmware/config.txt (katika matoleo ya mfumo wa Raspberry Pi OS ya kabla ya lile la Bookworm lilikuwa /boot/config.txt) na uongeze mistari miwili mwishoni:

dtoverlay=w1-gpio
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Ikiwa GPIO4 imeshachukuliwa na kifaa kingine, mstari wa kwanza uwe dtoverlay=w1-gpio,gpiopin=17, na waya wa data uhamie pini ya 11. Washa bodi upya.

Hatua ya 4: Thibitisha kila njia kabla ya kuandika programu

Sakinisha i2c-tools, kisha tafuta vifaa:

sudo apt install i2c-tools
i2cdetect -y 1

BME280 huonekana kwenye 76 au 77. Saa huonekana kwenye nafasi ya 68, lakini badala ya namba utaona UU, maana yake kiendeshi cha mfumo kimekwisha kuishika. Hilo ndilo tunalolitaka. Ikiwa 57 nayo imejitokeza, ni kumbukumbu ndogo iliyomo kwenye moduli nyingi za saa. Jedwali likiwa tupu kabisa, angalia kwanza kama nyaya za pini ya 3 na ya 5 zimebadilishana.

Maduka huuza pia BMP280, isiyopima unyevu, kwa jina la BME280, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Iulize yenyewe (ikiwa imeonekana kwenye 77, andika 0x77 badala ya 0x76):

i2cget -y 1 0x76 0xd0

Jibu la 0x60 ni BME280 halisi. Jibu la 0x58 ni BMP280, nayo irudishe dukani.

Kwa upande wa 1-Wire, kila kihisi huwa na folda inayoanza na 28- ndani ya /sys/bus/w1/devices, na faili la temperature lililomo hutoa joto katika sehemu za elfu moja za nyuzi ya selsiasi, hivyo 23500 ni nyuzi 23.5. Shika kihisi kimoja mkononi, usome mafaili yote, uone ni kipi kinachopanda, kisha ubandike namba yake kwenye waya. Ukishavizika ndani ya magunia hutajua kipi ni kipi. Usomaji wa 85000 usiaminike: hiyo ndiyo thamani ambayo kihisi huanza nayo kinapopata umeme, na mara nyingi huashiria kiungo kilicholegea.

Hatua ya 5: Weka saa

Mtandao ukiwepo, weka majira ya Uganda na uhamishie saa ya mfumo kwenye moduli:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala
sudo hwclock -w

Amri ya hwclock isipopatikana, sakinisha util-linux-extra. Ondoa pia fake-hwclock ikiwa imo, kwa kuwa kazi yake ni kukumbuka saa ya mwisho bodi ilipozimwa, na sasa unayo saa ya kweli. Moduli huhifadhi saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, na mfumo hufanya ubadilishaji wenyewe; usiirekebishe kwa mkono.

Mwishowe zima bodi, chomoa umeme na waya wa mtandao, subiri dakika chache, kisha iwashe bila mtandao na uandike date. Ikionyesha saa ya zamani ilhali sudo hwclock -r inatoa saa sahihi, ongeza sudo hwclock -s katika amri zinazoendeshwa bodi inapowaka. Ikiwa hwclock -r nayo imekosea, badilisha betri ya moduli.