Poni Mzee Anachechemea na Sababu Haijulikani: Fuata Hatua Hizi

Uzee peke yake haumfanyi poni, yaani farasi wa umbo dogo, achechemee. Poni wa miaka 20 anayeanza kuchechemea ana mahali panapomuuma, hata kama wewe, fundi wa kwato na daktari wa mifugo bado hamjapaona. Naanza na hili kwa sababu poni wengi huachwa na maumivu miezi mingi kwa kuwa mtu alisema, "Amezeeka tu." Utaratibu huu ndio ninaoufuata mimi.

Hatua ya 1: Pima kama unaweza kusubiri

Mpigie daktari mara moja kama poni hakanyagi kabisa kwa mguu huo, kama ana kidonda karibu na kiungo au kano, au kama ana homa. Joto la kawaida la poni aliyekomaa ni kati ya nyuzi 37 na 38.5 za Selsiasi. Ukikuta msumari umezama kwenye unyayo wa kwato, mzuie asitembee na usiung'oe kabla ya kuzungumza na daktari. Eksirei ikipigwa msumari ukiwa bado ndani huonyesha umefika wapi, na matibabu hutegemea hilo.

Usimpe dawa ya maumivu kwa uamuzi wako kabla hajachunguzwa. Dawa huficha dalili zile zile ambazo daktari amekuja kuzitafuta.

Hatua ya 2: Tafuta mguu wenyewe

Mpeleke mahali tambarare penye ardhi ngumu. Mwenzako amshike kamba ikiwa imelegea, maana kamba ikikazwa kichwa hakichezi tena na unapoteza ishara kubwa kuliko zote. Atembee kwanza, kisha akimbie polepole kwa mstari ulionyooka, akikujia na akienda mbali nawe. Anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapogusa ardhi, na hukiinamisha anapokanyagia ule mzima. Kwa miguu ya nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga: ya upande unaouma hupanda na kushuka kuliko mwenzake. Piga video kwa simu kisha uitazame kwa mwendo wa taratibu. Mzungushe pia duara, kulia na kushoto.

Ugumu wa poni wazee ni kwamba mara nyingi miguu miwili huuma kwa pamoja. Hapo kichwa hakitikisiki. Utaona hatua fupi fupi, kusita anapogeuzwa, au ncha za kwato zikiburuzwa. Akiwa mgumu asubuhi kisha akalegea baada ya kutembea, fikiria viungo vilivyochakaa. Akizidi kuumia kwenye mawe na kwenye kona, nenda kwenye kwato. Kuburuza kwato na kujikwaa bila maumivu ya wazi huweza kutoka shingoni au kwenye neva, kwa hiyo mweleze daktari hata kama unaona ni jambo dogo.

Hatua ya 3: Chunguza kwato, hata kama unaamini ni bega

Hapa ndipo majibu mengi hupatikana. Safisha unyayo, tafuta ufa, tundu au doa jeusi. Gusa ukuta wa kila kwato ulinganishe joto. Kisha weka vidole viwili pembeni mwa kifundo kilicho juu ya kwato, kuelekea nyuma, utafute mapigo ya damu. Kwa poni mzima mapigo hayo ni hafifu, pengine usiyapate kabisa. Yakigonga kwa nguvu, kuna jambo ndani ya kwato. Zoea kuyapima siku anazokuwa mzima ili ujue kawaida yake.

Yakigonga kwenye mguu mmoja, mara nyingi ni usaha uliojifungia ndani ya kwato. Maumivu yake huwa makali hata ukadhani mfupa umevunjika, lakini usaha ukipata njia ya kutoka nafuu huja haraka.

Yakigonga kwenye miguu yote miwili ya mbele, naye anaegemea nyuma kana kwamba hataki kuiwekea uzito, hiyo ni laminaitisi mpaka daktari aseme vinginevyo. Tishu zinazoshika mfupa wa ndani kwenye ukuta wa kwato zimeathirika. Mtoe kwenye malisho, muweke kwenye matandiko mazito na laini, usimlazimishe kutembea, umwite daktari siku hiyo hiyo.

Kwa poni aliyepita miaka 15, chanzo cha laminaitisi mara nyingi ni homoni: ugonjwa wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, insulini kupanda, au vyote viwili. Wengi hungoja kuona manyoya marefu yasiyopukutika na misuli ya mgongo iliyokonda. Usingoje, kwa sababu laminaitisi huweza kutangulia dalili hizo. Maoni yangu ni kwamba kila poni mzee anayechechemea bila sababu inayojulikana apimwe damu kwa insulini na kwa ACTH, homoni inayotoka kwenye tezi hiyo ya pituitari. ACTH hupanda yenyewe majira ya vuli hata kwa poni wasio na ugonjwa huo, kwa hiyo majibu yalinganishwe na viwango vya msimu.

Hatua ya 4: Omba uchunguzi wa kutenganisha

Daktari huchoma ganzi kuanzia chini ya mguu, akipanda sehemu kwa sehemu, na kila mara poni hukimbizwa tena. Mwendo ukinyooka baada ya ganzi fulani, maumivu yako eneo hilo, na hapo ndipo eksirei au altrasaundi ielekezwe. Picha za mguu mzima bila ganzi huchanganya, kwani poni mzee hakosi viungo vilivyochakaa visivyomuuma.

Hatua ya 5: Jibu lisipopatikana, tuliza maumivu

Daktari anaweza kumjaribia fenilibutazoni, dawa ya kutuliza maumivu, kwa siku kadhaa. Akipata nafuu, umethibitisha kwamba ni maumivu. Dawa hiyo huweza kudhuru tumbo na figo, basi kipimo kiwe cha daktari.

Kwato zake zikatwe mara kwa mara na ncha ya mbele isiachwe irefuke. Kama si laminaitisi, atembee kila siku kwa hiari yake, maana kufungiwa bandani hukakamaza viungo. Mwili ukizidi, mpunguze taratibu: nyasi kavu za takriban asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, zilizolowekwa ili kupunguza sukari, na maji zilimolowekwa yamwagwe. Usimshindishe njaa kamwe. Poni aliyekosa chakula huweza kujaza mafuta kwenye damu na kufa.

Hatua ya 6: Andika na umpime kila wiki

Andika jinsi anavyolala na kuinuka, anavyokula, na kama bado anawafuata wenzake malishoni. Poni anayeacha kulala kwa kuogopa kuinuka, au anayejitenga na kukonda licha ya dawa, ameshapita pale ambapo kubadilisha matandiko kunasaidia. Zungumza na daktari mapema kuhusu kumlaza salama, yaani kumaliza maisha yake bila maumivu, angali na siku nzuri, mkubaliane ni dalili zipi zitakufanya umpigie simu bila kusita.